Kamati ya Harusi Haimchagui Bi Harusi: Kiti cha Mzazi Katika Bodi ya Shule

Jumamosi moja, miaka michache iliyopita, tulikaa wazazi kama mia mbili chini ya turubai katika uwanja wa shule ya sekondari ya kutwa, tukisubiri kipengele cha mwisho cha ajenda: uchaguzi. Saa nane ilikuwa imepita, chai ya asubuhi imeshasahaulika, na wenye ng'ombe wa kukama walikuwa wakichungulia jua. Baba mmoja akasimama, akavua kofia, akasema bila kipaza sauti na bado akasikika hadi langoni: "Mkinipa hiki kiti, yule mwalimu wa hesabu hatamaliza muhula hapa." Makofi yakalipuka. Mama aliyeketi kando yangu akanigusa kiwiko. "Huyu ndiye," akasema. Nikainua mkono pamoja naye.

Kitu ambacho sikukitilia maanani siku ile ni uso wa mwalimu mkuu. Alikuwa anatabasamu taratibu, kama mtu anayemsikiliza mtoto akiahidi kuinunulia familia ndege. Yeye alijua sisi tunapigia kura kiti gani na kiti hicho kinaweza kufanya nini. Sisi hatukujua. Mwalimu wa hesabu alifundisha pale mihula mingine saba, na alipoondoka, aliondoka kwa kupandishwa cheo.

Tangu hapo nimehudhuria mikutano ya wazazi ya kutosha kuona kwamba hatukuwa peke yetu. Kila mwaka, shule za umma za Kenya zinapofanya mikutano mikuu, watu huitana "mjumbe wa PTA", "mjumbe wa bodi", "mwakilishi wa wazazi" kana kwamba ni jina moja. Wengine wanagombea bila kujua kiti ni kipi. Wapiga kura nao wanaahidiwa vitu ambavyo hata waziri hangeweza kuvitoa kwa simu moja. Basi tuanze na majina.

Shule ya umma ina vyombo viwili ambavyo mzazi anaweza kuingia. Cha kwanza ni Chama cha Wazazi, ambacho sheria inakiita kwa kifupi PA. Hiki hakina fomu wala ada ya kujiunga: ukiwa na mtoto katika shule hiyo, tayari wewe ni mwanachama, hata kama hujawahi kukanyaga mkutanoni. Chama kina kamati yake tendaji yenye wawakilishi wa kila darasa na walimu wawili, na kamati hiyo huchaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka. Zamani tulikuwa tukikiita PTA. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilibadilisha jina, lakini ndimi zetu hazikubadilika, na ndiyo maana hadi leo barua ya shule itaandika PA na mlinzi langoni atakuuliza kama umekuja kwa mkutano wa PTA.

Chombo cha pili ni Bodi ya Usimamizi, maarufu kama BOM. Kwa shule za sekondari hii ndiyo iliyochukua nafasi ya ile iliyoitwa BOG. Hapa ndipo maamuzi ya kisheria ya shule yanapofanyika. Sheria inaipa bodi wajumbe 13: watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, mmoja anayependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja anayechaguliwa na walimu wenzake, watatu kutoka kwa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa, mmoja wa makundi maalumu katika jamii, na mmoja wa kuwakilisha watu wenye mahitaji maalumu. Juu ya hao huongezwa mwakilishi wa baraza la wanafunzi, anayekaa kwa sababu ya cheo chake. Kwa shule za sekondari za kaunti, wale sita wanaweza kuwa wa jamii ya eneo, kwa hiyo usishangae ukimkuta mzee ambaye mtoto wake wa mwisho alimaliza shule zamani.

Rudia hiyo hesabu kidogo. Kati ya 13, sita ni wa wazazi. Ni kundi kubwa kuliko lolote mezani, lakini si wengi wa kutosha kupitisha jambo peke yao. Wanahitaji kumshawishi angalau mtu mmoja zaidi. Hilo pekee linapaswa kumpunguzia mgombea sauti anaposema "nitafanya" badala ya "nitapendekeza".

Sasa fundo lenyewe. Sheria hiyohiyo inasema mwenyekiti wa Chama cha Wazazi na wanachama wengine wawili waalikwe kwenye bodi. Na kuhusu wajumbe wa kualikwa, inasema wasizidi watatu na wasipige kura. Maana yake, mzazi anaweza kuingia katika chumba cha bodi kwa mlango wa mbele, akiwa mmoja wa wale sita, au kwa mlango wa jikoni, akitokea Chama cha Wazazi. Wote wawili watakunywa chai ileile, watapewa makaratasi yaleyale na wataruhusiwa kusema. Ikifika wakati wa kuamua, mmoja anahesabiwa na mwingine hahesabiwi. Nimemwona mwenyekiti wa wazazi, mtu wa kuheshimika kabisa, akirudi kwa wazazi wenzake na kulaumiwa kwa uamuzi ambao hakuwa na kura ya kuuzuia.

Kwa hiyo swali la kwanza unalopaswa kuuliza mkutanoni, kabla hata ya kusikiliza mgombea yeyote, ni hili: tunachagua nani leo? Wawakilishi wa madarasa, au wale sita wa bodi? Mwenyekiti wa mkutano akijibu "ni vilevile tu", jua kwamba yeye mwenyewe hajui, au anajua na hataki mjue.

Mfano unaonisaidia kuwaeleza watu ni kamati ya harusi. Kamati ya harusi ina kazi nyingi na nzito: inakusanya michango, inatafuta turubai, inalipa mpishi, inahakikisha watoto wa watu hawanywi maji machafu, na mwisho inatoa hesabu. Jambo moja haifanyi. Haimchagui bi harusi. Hata kama mwenyekiti wa kamati hampendi, hata kama yeye ndiye aliyetoa mchango mkubwa kuliko wote, bi harusi alishachaguliwa na watu wengine kwa utaratibu mwingine.

Mwalimu aliyeajiriwa na serikali ndiye bi harusi wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, iliiunda Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na kuipa kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwapeleka shuleni, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwaachisha kazi. Bodi inaweza kuishauri kwamba shule ina upungufu wa walimu. Inaweza kupokea malalamiko dhidi ya mwalimu, kuyasikiliza hatua za mwanzo na kuyafikisha TSC. Kumng'oa mwalimu papo hapo, saa nne asubuhi, kwa sababu mjumbe mpya ameahidi? Hapana. Na nadhani ni vizuri ilivyo hivyo, maana mwalimu anayejua kazi yake inategemea makofi ya chini ya turubai atafundisha akiwaangalia wazazi, si watoto.

Ila kuna wapishi, na wapishi huajiriwa na kamati. Wafanyakazi wasio walimu, yaani mlinzi, mpishi, karani wa fedha, dereva wa basi, wote ni wa bodi. Vivyo hivyo walimu wanaoitwa "walimu wa BOM", wale vijana waliohitimu wanaosubiri TSC na wakati huo wanajaza pengo. Mshahara wao unatoka kwenye mfuko wa shule, na bodi ndiyo inayosaini. Kama yule mwalimu wa hesabu angekuwa wa BOM, ahadi ya yule baba ingekuwa na maana fulani. Hakuna aliyemuuliza.

Neno jingine linalowapotosha wengi ni "kaunti". Wajumbe wa bodi ya shule huteuliwa rasmi na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na watu husikia "kaunti" wakamfikiria gavana. Nimemsikia mgombea akijinadi kuwa ni rafiki wa gavana na hivyo barua yake itatoka haraka. Bodi hiyo iko chini ya serikali kuu, kupitia Wizara ya Elimu, na katibu wake ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti, mtumishi wa wizara. Gavana kikatiba ana chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mbunge naye anaweza kujenga madarasa kwa fedha za maendeleo ya eneobunge, zile za NG-CDF, na kuweka jina lake ukutani kwa herufi kubwa, lakini hilo halimpi kiti mezani. Gavana, mbunge, wizara, TSC na bodi ni watu watano wenye mifuko mitano, na nusu ya ugomvi wa mikutano ya wazazi hutokana na kumdai mmoja kilicho mfukoni mwa mwingine.

Njia ya kukifikia kiti inaanza mapema kuliko siku ya mkutano. Notisi hutumwa kwa wazazi, siku hizi mara nyingi kwenye kundi la WhatsApp la darasa, katikati ya picha za heri ya siku ya kuzaliwa, kwa hiyo wengi huipita. Mkutanoni majina hupendekezwa, hupata mtu wa kuunga mkono, kisha kura. Waliochaguliwa hupelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, na uteuzi ndio unaowafanya wajumbe. Kura ya wazazi bila barua ya uteuzi ni nusu ya safari. Pia kuna sharti la jinsia kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, jambo linaloweza kumfanya aliyepata kura nyingi akae kando na mwingine aingie. Likitokea, huwa na kelele za "tumeibiwa". Wakati mwingine ni kweli mmeibiwa. Wakati mwingine ni sheria tu, na ingefaa mwenyekiti aieleze kabla ya kupiga kura.

Jambo moja linanikera na nitalisema. Katika mikutano mingi kura hupigwa kwa kuinua mkono, mbele ya mwalimu mkuu, ambaye ndiye mtoto wako atamkuta Jumatatu kwenye gwaride. Mzazi mwenye baki la karo hawezi kuinua mkono kwa uhuru dhidi ya mtu anayeonekana kupendwa na ofisi. Vipande vya karatasi na ndoo ya plastiki vinatosha. Mzazi yeyote anaweza kusimama na kupendekeza hivyo kabla uchaguzi haujaanza, na ni vigumu sana kwa mwenyekiti kueleza kwa nini anakataa.

Muda wa mjumbe ni miaka mitatu. Kiti hakina mshahara. Kuna nauli, kuna chai, na siku za bahati kuna wali. Vikao vya bodi nzima kwa kawaida ni mara moja kwa muhula, na zaidi panapozuka jambo, lakini kazi yenyewe hufanywa katika kamati ndogo: ya fedha, ya masomo, ya nidhamu, ya ukaguzi. Ukitaka kujua kama mgombea anajua anachokiomba, muulize angependa kukaa kamati gani. Mgombea aliyejiandaa atajibu. Asiyejiandaa atakuambia anataka "kuleta maendeleo".

Mimi, ningeulizwa, ningesema kamati ya fedha, kwa sababu humo ndimo mzazi wa kawaida ana nguvu asiyoijua. Tuchukue shule ya sekondari ya kutwa yenye wanafunzi 400. Kiwango cha serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Zidisha: shilingi 8,897,600. Pesa hizo hupangwa kuja kwa mafungu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, kwa hiyo kwa makaratasi shule ingetarajia 4,448,800 kabla ya Aprili. Kila mwenye mtoto shuleni anajua pesa hizo huchelewa na hupungua njiani. Hata hivyo ni mamilioni, na kuna watu 13 wenye haki ya kuuliza zilikokwenda.

Hesabu hiyo inatokana na idadi ya wanafunzi walioandikwa kwenye mfumo wa wizara, ambao wengi tunaujua kwa jina la NEMIS. Basi mjumbe mpya anaweza kuuliza maswali mawili rahisi katika kikao chake cha kwanza: mfumo unasema tuna wanafunzi wangapi, na darasani wamekaa wangapi? Kama mfumo unasema 430 na madawati yana watu 400, tofauti ya 30 ni shilingi 667,320 kwa mwaka. Huenda ni uzembe wa kutofuta majina ya waliohama. Huenda ni kitu kingine. Na kama ni kinyume, darasani wako 430 na mfumo unasema 400, basi shule inalisha na kufundisha watoto 30 bila mgao wao, na hapo ndipo pengo linapogeuzwa kuwa "mchango kidogo tu" kwa wazazi. Hakuna shahada inayohitajika kuhesabu watoto.

Mstari mwingine wa kuutazama katika bajeti ni ule ulioandikwa "mengineyo". Katika bajeti ya nyumbani, mengineyo ni kiberiti na chumvi. Katika bajeti ya shule, ukiukuta ni mkubwa kuliko ukarabati wa vyoo, omba ufunguliwe. Usipige meza. Sema tu, "Mwalimu, naomba tusomewe kilichomo hapa," kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi katika chumba cha bodi umewahi kufanya kazi kuliko wakaguzi. Na wakaguzi wapo: hesabu za shule za umma hukaguliwa, na ununuzi wake unafuata sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Kwa hiyo yule mjumbe anayesema atahakikisha tenda ya maharagwe inakwenda kwa "watu wetu" anajitangazia kosa hadharani. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa anatakiwa kuyatangaza na kukaa pembeni, hata kama maharagwe yake ndiyo bora wilayani.

Vipi kuhusu karo yenyewe? Wagombea wengi huahidi kuishusha, na wachache huahidi kuipandisha kwa sababu "kitu kizuri ni gharama". Wote wawili wanacheza nje ya uwanja. Sheria ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Michango mingine inaweza kuwepo, lakini inahitaji idhini ya waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kuilipa. Wazazi kupitia PA hujadili na kupendekeza. Kupendekeza si kuidhinisha. Na kuna sentensi moja fupi katika sheria hiyo ambayo ningependa ichorwe kwenye geti la kila shule: hakuna mtu atakayekusanya tozo bila kutoa risiti rasmi. Pesa ya chakula, ya mtihani wa majaribio, ya basi, ya "motisha ya walimu", ukiitoa kwa mkono na ikaandikwa kwenye daftari la kiranja, imekusanywa nje ya sheria. Mjumbe wa bodi anayetaka ushindi wa wiki ya kwanza aanzie kwenye kitabu cha risiti.

Masomo ya likizo nayo. Kila Aprili na Agosti utasikia "wazazi wamekubaliana watoto wabaki". Sheria inakataza masomo ya likizo, na makubaliano ya wazazi hayafuti sheria, kama ambavyo abiria wote wa matatu wakikubaliana kupita kwenye taa nyekundu, taa haibadiliki rangi. Mgombea anayejinadi kwa masomo ya ziada anawaomba kura ili akaivunje sheria kwa niaba yenu. Viboko ni vilevile: vimepigwa marufuku, na hakuna azimio la mkutano linaloweza kuvirudisha, hata likipita kwa kauli moja, na mara nyingi hupita.

Usalama ni eneo ambalo mjumbe mmoja mwenye macho anaweza kuokoa maisha. Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na wizara mwaka 2008 unataka mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyapima kwa futi ya fundi: mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi 5 na ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Kuhakikisha majengo yanafaa na watoto wako salama ni kazi ambayo sheria imeiweka waziwazi mikononi mwa bodi. Mjumbe hahitaji kusubiri mwaliko wa siku ya zawadi. Anaweza kuomba katika kikao kwamba bodi itembelee mabweni usiku, vitanda vikiwa vimejaa, maana mchana kila bweni ni pana.

Nimesema "katika kikao" mara kadhaa, na ni kwa makusudi. Mjumbe mmoja, akiwa nje ya kikao, ni mzazi kama wengine. Hawezi kuingia ofisini Jumanne akaagiza mpishi afukuzwe, hawezi kumtuma karani amletee hundi, hawezi kuingia darasani kumkagua mwalimu. Madaraka ni ya bodi ikiwa imekaa na kuandika kumbukumbu zake. Wengi wanaochaguliwa kwa ukali huvunjika moyo hapa. Walidhani wamepewa rungu, wakakuta wamepewa kura moja na faili la kurasa sitini la kusoma. Katibu wa bodi ni mwalimu mkuu, na anayeandaa ajenda na kuandika kumbukumbu ana nguvu za kimyakimya. Jambo lisilo kwenye ajenda halijadiliwi, na jambo lisiloandikwa halikusemwa. Ndiyo maana mjumbe mzoefu huandika hoja yake kabla ya kikao, na katika kikao kinachofuata, kumbukumbu zinaposomwa ili zithibitishwe, husikiliza kwa makini kuliko wakati wowote mwingine. Hapo ndipo maneno hupotea.

Halafu kuna dhana mbili ndogo za kumalizia. Moja ni kwamba shule iliyojengwa na kanisa ni ya kanisa, kwa hiyo mzazi wa dhehebu au dini nyingine asijisumbue kugombea. Mfadhili ana viti vitatu na ana nafasi ya kulea mambo ya kiroho, lakini sheria inamtaka alinde pia imani za wengine, na wale sita wa wazazi hawaulizwi ubatizo. Nyingine ni ile inayonong'onwa: ukiwa kwenye bodi, mtoto wako hatatumwa nyumbani. Labda. Lakini mtoto wako pia atakuwa "mtoto wa bodi", na watoto wenzake wana lugha kali kuliko barua yoyote ya nidhamu. Muulize kwanza.

Na ukigombea ukashindwa, au usigombee kabisa? Bado wewe ni mwanachama wa PA, na shule ya umma ni ya umma. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Andika barua fupi ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, ukitaja hasa unachotaka: majina ya wajumbe wa bodi na waliingia kwa nafasi gani, bajeti ya mwaka, idhini ya kila mchango mnaolipishwa. Chapisha nakala mbili. Moja iache ofisini, na ya pili hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo.